Mikanda ya Kaka Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Muuza maziwa akinisalimia kwa furaha kuliko kawaida, naitazama chupa ya maziwa mara mbili. Simu ikilia mara moja ikakatika, nakaa muda mrefu nikijiuliza nani anataka kujua kama niko nyumbani. Wenzangu shuleni wanasema ni kazi ndiyo iliyoniharibu: miaka zaidi ya ishirini nafundisha hesabu na kusimamia mitihani, napita kati ya madawati nikitafuta karatasi iliyofichwa ndani ya soksi. Labda. Lakini marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa hivi, kwamba hata nikiwa mchanga nilikuwa nalikodolea macho titi kabla ya kunyonya.

Kumshuku muuza maziwa hakujaniharibia kitu. Nimesumbua watu, nimechekwa, basi. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuwa nikimshuku, na ni juu yake ninaandika haya. Ni kaka yangu. Tulizaliwa wengi kwa mama, tumebaki wawili. Mimi namwita yaya, maana kwetu Bujumbura yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, na yeye ananiita mudogo yangu ingawa nimeshakuwa bibi wa wajukuu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake Jabe, karibu na soko. Sina mtu mwingine ninayeweza kumpigia simu bila kufikiri kwanza nitasema nini. Nilikaribia kumpoteza kwa sababu ya mikanda minne ya kufungia mizigo.

Mwanzo wa yote ni kayaki. Nakaa Kibenga, katika nyumba ndogo aliyoniachia mume wangu, na jirani mmoja aliyekuwa anahama nchi aliniuzia kayaki zake mbili, mitumbwi myembamba ya plastiki, moja ya njano na moja nyekundu. Nilizikagua asubuhi nzima nikitafuta tundu, nikitaka kujua kwa nini anaziuza. Anahama, mama, aliniambia mtumishi wake, ndiyo maana anaziuza. Sikuridhika, lakini nilinunua. Nikaanza kuzikodisha siku za mapumziko kwa vijana wa mjini wanaopenda kupiga makasia na kupigana picha. Shida ni kwamba maji ya upande wetu yana viboko. Wanakuja mpaka kwenye bustani za watu kula majani, na mteja akishaona kichwa cha kiboko kikitoka majini hataki tena kusikia habari ya kayaki. Kwa hiyo wateja wazuri wako kusini, njia ya Rumonge, kwenye maji safi, na kayaki lazima zisafiri mpaka huko juu ya gari langu.

Msiojua mnaweza kudhani kayaki ni mzigo mwepesi wa kutupa juu ya paa na kwenda. Ni nyepesi kweli, watu wawili mnainyanyua bila kutoa jasho. Wepesi wenyewe ndio ubaya wake. Gunia la mkaa ukiliweka juu ya gari linakaa kwa uzito wake, linataka kulala. Kayaki haitaki kulala. Ni kitu kirefu, kimezidi gari mbele na nyuma, na upepo ukipita chini ya pua yake unaiinua.

Kaka ndiye aliyenifundisha hayo, na ndiye aliyenitengenezea keria. Alichomelea vyuma viwili vya kukingama juu ya paa, akavivika mpira wa povu ili visikwaruze plastiki, na chini ya boneti na nyuma ya gari akaweka vitanzi vya kufungia kamba. Kayaki tunazipindua, tumbo juu, ubavu kwa ubavu. Kila moja inapata kifungo juu ya chuma cha mbele na kingine juu ya chuma cha nyuma. Halafu pua inafungwa kwa kamba mpaka chini ya boneti, na mkia unafungwa kwa kamba mpaka nyuma. Kaka alikuwa akirudia kila mara kwamba unakaza kwa nguvu za mkono, si kwa nguvu za mguu, maana plastiki ikipata jua la saa sita inalainika, na ukiwa umeikaza mno inabonyea na kubaki imebonyea.

Kwa muda mrefu tulifunga kwa mipira, zile tepe zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu za matairi ambazo mji mzima unazitumia, kwenye baiskeli za ndizi, kwenye magodoro, kwenye kila kitu. Mipira ni mizuri, lakini ikizeeka inakatika bila kusema. Mwaka wa mkasa huu niliagiza mikanda mipya kutoka Dar es Salaam, ile bapa, mipana kama vidole viwili, yenye kifungo cha chuma kinachouma mkanda. Nikaikagua, nikaivuta, nikaikubali. Safari ninayotaka kuielezea ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitumia.

Sasa sikilizeni jambo lililotangulia. Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda sokoni Jabe kutafuta maharage, na nilipopita karibu na karakana ya kaka niliona gari ninalolijua. Lilikuwa la bwana mmoja wa Kibenga ambaye miezi michache kabla alikuwa ameleta kayaki zake mwenyewe, nne, mpya, na kuanza kukodisha mita chache kutoka kwangu. Kaka alikuwa amesimama kando ya gari hilo, amenyoosha futi ya kupimia kutoka ubavu mmoja wa paa mpaka mwingine. Yule bwana alikuwa anacheka. Kaka naye alikuwa anacheka.

Mtu mwingine angesimama asalimie. Mimi niliinamisha kichwa, nikajifunika vizuri na kitenge changu, nikapita upande wa pili wa barabara. Maharage sikununua. Njia nzima nikirudi nyumbani nilikuwa napiga hesabu zangu: anapima paa, anamtengenezea keria, keria yangu, kwa vipimo vyangu, na wanacheka. Wanamcheka nani kama si mimi? Sikumpigia simu kumuuliza. Mtu wa kushuku haulizi, anangoja aone mwenyewe.

Jumamosi asubuhi kaka alifika kama kawaida, na soksi zake za viraka na kofia yake iliyotobolewa na cheche. Tulikuwa tumebahatika kupata mafuta wiki hiyo baada ya kulala foleni, na mwenye ufukwe wa Rumonge alikuwa anangojea kayaki kabla ya adhuhuri. Kwa kawaida kaka alikuwa anapanda gari na mimi, tunasimama njiani kununua mananasi, tunazichunguza kamba, tunasema mabaya ya madereva wengine. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Yaya, leo tunaenda wote?"

"Apana, mudogo yangu. Leo niko na kazi ya mutu. Nitakufungia muzuri, we uende pole pole."

"Kazi ya nani?"

"Ya mutu tu," alisema, na akainama kuokota mkanda.

Ya mutu tu. Niliingia jikoni kumpikia chai, na kila nilipochungulia dirishani nilimwona amenipa mgongo. Alifunga haraka kuliko siku zote. Alikunywa chai akiwa amesimama, akapiga kayaki ya njano makofi mawili kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, akaondoka kwa pikipiki. Nami nikaondoka, nikiwa na chai yangu tumboni na yule mutu tu kichwani.

Nilipokaribia Kabezi, polisi alinyoosha mkono. Alikuwa kijana mpole aliyetaka tu kujua.

"Mama, hizi ni vitu gani? Ni masanduku ya maiti?"

"Ni mitumbwi, mwanangu. Ya kuchezea."

"Ya kuchezea? Mutu muzima?"

Nilishuka kumwonyesha, maana nami nisingependa gari lipite mbele yangu na majeneza mawili ya rangi bila maelezo. Nikanyoosha kidole kumwonyesha pua na mkia, na hapo ndipo nilipoiona mikanda. Yote minne ilikuwa imepinda. Haikulala bapa juu ya kayaki. Kila mmoja, kati ya kifungo na chuma, ulikuwa umejizungusha mara moja, upande wa ndani umegeuka nje.

Ngoja niwaambie kwa nini moyo ulinipasuka. Mimi sikujifunza kufunga mizigo kwenye malori. Nilijifunza kufunga watoto mgongoni. Nimebeba wangu, nimebeba wa dada zangu waliotangulia, nimebeba wajukuu. Na jambo la kwanza ambalo mama anamfundisha binti yake kwetu, kabla hajamruhusu kumbeba mtoto, ni kwamba kitenge lazima kilale bapa. Kitenge kikipinda hata mara moja kinakuwa kamba, kinamkata mtoto chini ya mapaja, kinateleza, na mtoto anaanguka. Mama yangu alinipiga kofi kwa ajili hiyo nikiwa na umri wa miaka minane. Mwanamke akikuona barabarani na kitenge kilichopinda, hata kama hakujui, anakusimamisha na kukufungua. Kwa macho yangu, kitu kilichofungwa kikiwa kimepinda kimefungwa na mtu asiyejua, au na mtu asiyetaka kifike.

Na kaka yangu anajua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nasema peke yangu pale kando ya barabara: anajua, anajua, anajua. Polisi alinitazama, akaniambia niende tu, safari njema. Nilisogeza gari mbele kidogo, nikapiga simu.

"Yaya, umefunga namna gani hizi mikanda?"

"Namna inafaa. Juu ya nini?"

"Zimepinda. Zote. Unafikiri mi siko na macho?"

"Ah, hizo. Ziache hivyo. Nilizipinda mi mwenyewe, sikia..."

Sikusikia. Kwenye mtihani, mwanafunzi akikubali kosa kwa mdomo wake humwachi aendelee kujieleza.

"Umekubali!" nilipiga kelele. "Umekubali na mudomo yako! Unataka vitu vyangu vianguke mu barabara, ule rafiki yako abakie peke yake Kibenga, si njo hivyo? Nilikuona Jabe. Nilikuona unapima, munacheka. Ama unataka nikufe kabisa?"

Nyuma yake nilisikia mashine ya kusagia chuma ikizimwa.

"Mudogo yangu," alisema pole pole, "unaniambia mi hivyo?"

"Nakuambia yenye ninaona."

"Bon," alisema. "Bon. Fungua, ufunge vile unataka. Ila fundo ya nyuma usiiguse."

Akakata simu. Nilifungua mkanda wa kwanza kwa hasira. Niliinyoosha yote minne, nikailaza bapa, safi, kama kitenge cha mtoto wa siku ya ubatizo. Nikazifungua na kamba za mbele pia, kwa kuwa nilishaanza kushuku kila kitu alichokigusa, nikazifunga tena kwa fundo langu, lile la kufungia pazia. Na fundo la nyuma, kwa kuwa ndilo aliloniambia nisiguse, nililishambulia kuliko yote. Nilitumia kucha, nilitumia ufunguo wa gari, nilitumia meno. Halikufunguka. Kamba za mikia miwili zilikuwa zimekutana hapo na kuwa kitu kimoja kigumu kama jiwe la kusagia. Nililitukana, nikaliacha, nikapanda gari.

Sikwenda mbali kabla ya kusikia sauti. Ilianza kama nyuki mmoja, halafu mzinga mzima. Vuuuu. Nilipoongeza mwendo ikapanda, nilipopunguza ikashuka. Je, nilishuku mikanda? Wapi. Nilimshuku fundi wa injini aliyenibadilishia bearingi mwezi uliopita. Nikasimama, nikafungua boneti, nikasikiliza, hakuna kitu. Nikashuku tairi. Nikazunguka gari nikipiga teke tairi moja moja. Nikashuku kwamba kaka amefunga kitu chini ya gari, nikapiga magoti kwenye vumbi kando ya barabara, mwalimu mzima, kuchungulia uvungu. Watoto waliokuwa wanatoka kuchota maji walisimama wakanitazama kwa huruma. Nilipanda tena na kuendelea, na ile sauti ikaendelea juu ya kichwa changu.

Sitasahau mahali ilipotokea. Barabara hapo inaukaribia ziwa, maji yako kulia, mlima uko kushoto, na upepo ulikuwa unatoka ziwani. Lori kubwa lilikuja kutoka mbele likienda mjini, likanipita kwa kasi, na upepo wake ukakutana na ule wa ziwa juu ya paa langu. Niliona pua ya kayaki ya njano ikiinuka mbele ya kioo. Ikasimama hivyo kidogo, kana kwamba inafikiri. Fundo langu la pazia likafunguka. Pua ikapinduka kuelekea nyuma, mikanda ikachomoka kwenye vifungo vyake, na kitu chote kikapiga paa, kikateleza kwa nyuma, kikaanguka barabarani kwa mlio ambao ningali nausikia.

Haikwenda popote. Fundo la nyuma lilikuwa limeishika. Nilipofaulu kusimama, kayaki ilikuwa imelala nyuma ya gari, pua kwenye lami, mkia bado umefungwa kwenye kitanzi, na hatua chache nyuma yake kulikuwa na gari dogo la mizigo lililofunga breki mpaka likakaa upande. Kayaki ingekuwa imeachiwa kabisa, lile bomba la plastiki lingeingia kwenye kioo cha yule dereva.

Alishuka. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, anarudi Rumonge na kreti tupu za samaki zilizofunikwa turubai. Nilingojea matusi, na nilistahili. Alijipangusa uso, akaizunguka kayaki, akaitazama ile nyekundu iliyobaki juu ikining'inia kwa mkanda mmoja.

"Mama, nani alifunga hii?"

"Ni mi," nilisema.

"Na fundo ya nyuma?"

"Kaka yangu."

"Mi na we tuko wazima juu ya kaka yako," alisema. Kisha akashika mkanda wangu uliolala bapa, akaupiga kwa kidole, ukalia. "Ulikuwa unaimba?"

"Nilisikia sauti. Nilifikiri ni bearingi."

"Bearingi gani? Ni hii. Mukanda ikilala hivi, upepo inaichezea. Inaimba, inatetemeka, inalegeza kifungo pole pole mupaka inaachia. Unaipinda mara moja tu. Ikipinda, upepo haipati pahali pa kushika. Angalia."

Akanionyesha turubai yake. Mikanda yake yote ilikuwa imepinda, kila mmoja mara moja, vile vile. Nami, Mungu anisamehe, fikra yangu ya kwanza haikuwa kwamba nimekosa. Nilimtazama machoni nikamuuliza kama anamjua kaka yangu. Nilimuuliza nani amemtuma.

Alicheka mpaka akashika magoti. "Kunituma? Mama, nilikuwa karibu ya kukufa!"

Ndipo nilipokaa chini kwenye nyasi. Nilikumbuka kwamba kaka yangu kabla ya kuwa fundi alifanya kazi kwenye malori ya Dar es Salaam miaka mingi, anafunga turubai mvua ikinyesha, anazifungua, anazifunga tena. Hayo nilikuwa nayajua siku zote. Pale Kabezi hayakunijia hata kidogo. Niliyakumbuka ya mama na kofi lake, sikuyakumbuka ya yaya na malori yake. Na alitaka kunieleza. Alisema sikia, nami nikapiga kelele.

Yule dereva alinisaidia kupandisha kayaki, akapinda mikanda, akafunga pua kwa mafundo yake. Tulikwenda polepole mpaka Rumonge, yeye nyuma yangu, na juu ya kichwa changu hapakuwa na sauti yoyote. Mwenye ufukwe aliuona mchubuko kwenye pua ya kayaki ya njano, hakusema neno. Siku nyingine ningeshuku kimya chake. Siku hiyo sikuwa na nguvu.

Nilimpigia kaka jioni ile, hakupokea. Jumapili hakupokea. Jumatatu nilipotoka shuleni nilikwenda Jabe moja kwa moja, na daftari za wanafunzi mkononi.

Alikuwa anafanya kazi. Aliponiona alivua miwani ya kuchomelea, akafuta mikono.

"Karibu," alisema. Hakusema mudogo yangu.

"Yaya, nilikosa."

"Nilisikia. Ule mwenye kreti anapitaga hapa, alinieleza habari ya mama moja mwalimu. Nilijua ni we." Alitabasamu kidogo, akaacha. "Hukuumia?"

"Sikuumia. Ya njano imechubuka pua."

"Utaileta, tutayeyusha plastiki kidogo, tuzibe. Si kitu."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaanza kuzunguka karakana, na kaka ananijua. Alinyoosha mkono ukutani. Pale liliegemea geti kubwa la chuma, jipya, halijapakwa rangi.

"Ni ya ule bwana wa Kibenga," alisema. "Nilikuwa napima gari yake nione kama itapita mu portail. Alikuwa anacheka juu ya mbwa yake, inapitaga chini ya ile geti ya zamani. Porte-bagage, keria kama yako, aliniomba, ni kweli. Nilimwambia ile ni ya mudogo yangu, aende kuuliza yeye kwanza."

Hakuja kuniuliza. Labda aliniogopa, watu wengi wa Kibenga wananiogopa. Nilisimama pale nikiwa sina pa kuweka uso, nikasema tena nimekosa, yaya, nisamehe. Alisema amesamehe. Alisema yaishe, tu wawili tu, tutafanya nini. Akavuta kiti cha wateja, akakipangusa vumbi, akanikalisha. Akaagiza soda ya machungwa kwa mama wa duka la jirani.

Soda ilikuja. Kwetu, niwaambie msio wenyeji, kuna adabu ambayo kila mtu anaijua. Chupa ya mgeni inafunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye kuitoa anaonja kwanza yeye, ili mgeni ajue hakuna kitu kilichotiwa ndani. Ni heshima, hakuna anayeona vibaya. Lakini ndugu wa tumbo moja hawafanyiani hivyo. Mimi na kaka tulikua tunakunywa kikombe kimoja, nikimalizia alichoacha, na hata kwa uzee wetu huu nilikuwa nafika hapo nachukua chupa yake iliyofika nusu nakunywa bila kuomba.

Kaka aliishika chupa kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbele yangu nione kwamba kizibo ni kizima. Akaifungua. Akamimina kidogo kwenye kikombe chake cha bati, akanywa, akameza, akangoja kidogo huku ananitazama. Halafu akanipa chupa.

"Yaya," nilisema. "Toka lini unanionjea?"

"Toka samedi," alisema. Jumamosi ile ya mikanda.

Hakusema kwa hasira. Alisimama mbele yangu, amefumbata mikono kwa adabu, anangoja mgeni anywe.